Kivuli cha Juni

Kwanza, Mwakio, hifadhi kazi yako.
Kabla ya nuru, kabla ya lenzi, hifadhi.
Stima ya Ganjoni haina adabu:
saa tisa za usiku, mashine inapika picha,
imebakisha asilimia nne tu,
mara giza,
na feni inazunguka kwa mazoea mpaka ichoke.

Usiliamini jua la ndani ya programu.
Limeletwa na baridi yake.
Juni, adhuhuri, jua letu liko kaskazini,
kivuli huangukia kusini.
Desemba hugeuka.
Ukinichorea Juni kivuli kikaelekea kaskazini
nitajua hujasimama juani tangu uzaliwe.
Nenda Makadara saa sita, simama,
tazama miguu yako.

Na ile miti, futa yote.
Haijui chumvi.
Nyuma ya msikiti kuna mkilifi,
kaupige picha na vumbi lake.

Nyeupe kamili haipo mjini humu.
Chokaa huanza kunjano mwaka wa pili,
na chini ya kila kiyoyozi
kutu hushuka ukutani
kama wanja wa mtu aliyelia harusini.
Tia hiyo kutu. Kidogo. Mteja hataijua,
ila ataamini ukuta.

Watu wa maktaba wote wamebeba vikombe vya karatasi.
Wanakwenda wapi? Hata wao hawajui.
Weka mkokoteni wa maji, mitungi ishirini,
na anayeusukuma umuinamishe,
maana maji ni mazito hata pichani.

Kamera ikae kimo cha macho.
Ukiipandisha kama kunguru, jengo litapendeza
na hapana atakayekaa ndani yake.
Lenzi pana nayo ni tapeli:
chumba cha futi kumi huwa ukumbi wa karamu,
siku ya kukabidhiwa funguo
kitanda kinagoma mlangoni.

Haya yote nitakufunza kwa wiki mbili.
Lililobaki mimi lilinichukua miaka kumi na mmoja.

Lilikuwa jengo la orofa tisa, kule Sparki.
Tajiri akaweka kidole kwenye kioo changu,
akaacha alama ya mafuta:
"Hicho kijumba pembeni kinaharibu picha."
Nikakifuta. Dakika mbili, hazikutimia.
Juu yake nikaotesha nyasi,
nyasi nzuri, nilizisifu mwenyewe.

Bango likasimamishwa. Nikapita kulitazama,
kiburi ni kiburi.
Chini yake nikamkuta Bi Zuwena,
miwani anaivaa, anaivua,
anasogea, anarudi nyuma.
"Wewe macho yako mazima," akaniambia,
"nitafutie nyumba yangu. Mlango wa buluu."
Nikasema siioni.
Wala sikudanganya.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo.
Sawa.
Na aliyekuwepo, kaniko kamba ya nguo,
kapaka mlango rangi kwa mkono wake,
nikamuondoa mimi,
huyo tumwekee methali gani?

Nilirudi ofisini nikafungua faili ya zamani.
Nikakirudisha kijumba mahali pake,
nikaweka jua la Juni, saa sita.
Orofa tisa zikamwaga kivuli mita kumi na nne
kusini,
juu ya bati, juu ya kamba, juu ya mlango.
Mashine haikuwa imeficha kitu.
Sikuwa nimeiuliza.

Basi sijui kama hili ni ufundi
au ni deni tu ninalolipa kidogo kidogo.
Tajiri mpya anakuja Alhamisi, anataka bahari dirishani,
na tutampa bahari, ipo.
Lakini kwanza toka na tepu yako
ukapime majirani.

Umehifadhi?
Haya. Anza na milango yao.